Nyama ya mwenyeji Nepal: nile au niache?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni kijana wa Tanga. Nimekuja Nepal kujitolea kufundisha, nakaa na familia ya dini ya Kihindu kijijini karibu na Pokhara. Napenda kuonja vyakula vyao. Sikukuu ya Dashain mama mwenyeji alinipa nyama ya mbuzi, nikapiga Bismillahi nikala. Baadaye nikaambiwa mbuzi yule alichinjwa kwa ajili ya Durga, mungu wao wa kike. Nimepata dhambi? Na vyakula vyao vingine nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Ulikula bila kujua, na Allah anasema katika Suratul Ahzab, aya ya 5, kwamba hamna dhambi kwa mlilokosea, ila kwa lile ambalo nyoyo zenu zimekusudia. Toa wasiwasi. Lakini sasa umeshajua, basi usirudie.

Mbuzi yule ana kasoro mbili. Ametolewa kwa asiyekuwa Allah, na hilo limekatazwa waziwazi katika Suratul Baqara, aya ya 173. Pili, mchinjaji si Muislamu wala si katika watu wa Kitabu, yaani Mayahudi na Wakristo, ambao chakula chao tumehalalishiwa katika Suratul Maida, aya ya 5. Kwa hiyo hata siku isiyo ya sikukuu, kuku au nyati aliyechinjwa na Mhindu kwetu ni kibudu. Zile momo za nyama, vile vinyunga vya unga vilivyojazwa nyama, zinazouzwa barabarani ziache, tafuta za mboga.

Wengi hutegemea hadithi ya Bibi Aisha, ya watu walioleta nyama isiyojulikana kama ilisomewa jina la Allah, Mtume (s.a.w.) akasema: "Isomeeni nyinyi, mle." Waliokuwa wakileta nyama ile walikuwa Waislamu, wapya katika dini. Bismillahi yako mezani haigeuzi kibudu kuwa halali, na hapa ndipo vijana wetu wengi wanapoteleza wakiwa safarini.

Yaliyobaki ni mepesi, na napenda uyafurahie. Dal bhat, ile sahani ya wali na bakuli la dengu, mboga na achari pembeni, kula ushibe. Na wao hula kwa mkono wa kulia kama tulivyofundishwa sisi. Sel roti, mkate wa unga wa mchele wa duara kama bangili, ni halali ukijua mafuta yake ni ya mimea au samli. Gundruk, yale majani yaliyochachushwa, ukali wake ni kama wa togwa, haulevyi. Ila chhyang na raksi ni pombe, hata ukipewa kikombe kimoja kwa heshima.

Vyombo vyao vilivyopikiwa nyama hiyo, vioshe kisha utumie. Sahaba Abu Tha'laba alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu vyombo vya watu wa Kitabu, naye akamwambia asipopata vingine avioshe, ale.

Unaogopa kumvunja moyo mama yule, nakuelewa. Chakula kisichokufaa usikitoe kasoro, Mtume (s.a.w.) hakuwahi kukitoa chakula kasoro, akikitamani alikula, asipokitaka alikiacha. Mama huyo mwenyewe dini yake humzuia nyama ya ng'ombe, basi atakuelewa haraka kuliko unavyodhani. Mwambie leo, kabla hajainjika chungu, ukae naye jikoni umsaidie kuchambua dengu.