Kurasa ninazo, mbona kampuni hazinioni?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni fundi umeme, nipo Buzuruga, Mwanza. Nina cheti cha ufundi cha VETA na leseni ya ufundi umeme ya EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, lakini bado naishi kwa deiwaka. Natamani kuajiriwa na kampuni ya sola. Nimeambiwa nijenge jina mtandaoni, nikafungua Instagram na LinkedIn. Naweka picha nimevaa suti na maneno ya kutia moyo kila asubuhi. Hakuna anayepiga simu. Rafiki yangu ananishauri ninunue wafuasi. Nifanyeje?
Fundi, Mwanza

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Habari za kununua wafuasi achana nazo kabisa. Mwajiri akikuta wafuasi maelfu na hakuna hata mmoja anayeuliza bei ya kufunga soketi, anajua. Hela hiyo nunua tochi nzuri, ikusaidie kupiga picha darini.

Nimekaa miaka mingi upande wa kuajiri mafundi, Dar es Salaam. Nilichokuwa nakitafuta ni fundi anavyofikiri akikutana na tatizo. Suti hainionyeshi hilo, na maneno ya kutia moyo ninayo ya kutosha kwenye simu yangu.

Chukua mfano. Umeitwa nyumba ambayo taa zinapepesa kila mama akiwasha pasi. Fundi mwenye haraka anabadilisha breka na kudai hela yake. Wewe umezima mein swichi, umefungua, umekuta skrubu ya nyutro, waya wa kurudisha umeme, imelegea na waya umebabuka, kwa sababu waya uliolegea ukipitisha umeme mwingi unapata moto. Piga picha hapo kabla hujagusa kitu. Kata sehemu iliyoungua, kaza, piga picha ya pili. Kisha eleza kwa Kiswahili chako cha kawaida: mteja alilalamika nini, ulishuku nini, ulipima nini, ulikuta nini. Sentensi tano zinatosha. Posti moja ya namna hiyo kwa wiki ingenifanya nikupigie simu, hata kama imependwa na watu wanne tu.

Mwombe mwenye nyumba ruhusa. Namba ya mita ya LUKU isionekane, wala geti, wala watoto. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata bila sheria, mtu amekufungulia chumba chake cha kulala. Ukiwa chini ya mkandarasi, kazi ni yake: omba, umtaje.

LinkedIn, pale chini ya jina lako, ondoa "Mpambanaji mwenye ndoto kubwa". Anayetafuta mfanyakazi anaandika kazi na mji, basi. Weka "Fundi umeme mwenye leseni, wayaringi za majumbani, Mwanza", na Kiingereza chake pembeni, maana kampuni nyingi zinatafuta kwa Kiingereza. Jina liwe lile lile lililo kwenye cheti, na namba ya simu iwe moja kila mahali. Picha ya suti badilisha, weka uliyovaa nguo za kazi, uso ukionekana vizuri.

WhatsApp Business nayo usiidharau, ni bure. Stetasi inapotea baada ya saa 24, kwa hiyo kazi nzuri zihamishie kwenye katalogi. Mteja akimwelekeza mwenzake kwako, anamtumia hiyo.

Sasa sola. Hujaniambia kama umeshafunga hata mfumo mmoja, na hapo ndipo nina wasiwasi. Kama bado, usijiandike "mtaalamu wa sola". Leseni za EWURA zina madaraja, na mwajiri ataomba aione ya kwako. Tafuta mkandarasi wa sola hapo Mwanza, umfuate kama msaidizi kwa kazi mbili tatu, hata kwa malipo madogo. Jifunze jinsi anavyopiga hesabu ya betri kulingana na friji na taa za mteja, ukiandike hicho, na useme wazi kwamba ulikuwa msaidizi.