Mama anasahau: ni uzee au maradhi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 72, tunakaa naye Ngamiani hapa Tanga. Tangu Ramadhani anauliza jambo moja mara nne kwa asubuhi. Juzi alimwita mtoto wa dada yangu mwizi wa pete, tukaikuta ndani ya ndoo ya mchele. Majirani wanasema ni uzee tu, shangazi anataka twende kwa mganga. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pete kwenye mchele peke yake hainishtui; miwani yangu nimeshaikuta jikoni. Ila mwenye kumbukumbu nzima hurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akione alichopoteza. Anayeanza kuugua hawezi kurudi, basi lile pengo analijaza kwa mwizi. Hilo pamoja na maswali ya kujirudia yanatosha kumpeleka akapimwe.

Kabla hamjaenda, tazama anashindwa nini katika yale aliyokuwa akiyafanya bila kufikiri. Kusahau mbuzi ya nazi iko wapi ni kawaida. Lakini aliyepika wali wa nazi maisha yake yote, leo anatangulia kumimina tui zito kisha anasimama mbele ya sufuria hajui kinachofuata, huyo si mzee tu. Vivyo hivyo aliyekuwa kijumbe wa upatu akichanganyikiwa nani kapokea, au akipotea Ngamiani, mahali ambapo barabara zina namba.

Halafu, ilianza vipi? Ugonjwa wa kusahau huingia polepole, kwa miezi na miaka. Akibadilika ndani ya siku mbili tatu, hasa akiwa na homa, maumivu ya mkojo au alianguka karibuni, usisubiri kliniki, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Sasa mfuko wa dawa. Uchukue wote, hata za dukani. Piritoni ya kila usiku "ili nilale" huvuruga kumbukumbu za wazee, na watu hawaihesabu kuwa dawa! Vidonge vya kisukari vinavyoshusha sukari kupita kiasi humfanya mtu aonekane amerukwa na akili, na metfomini, nayo ya kisukari, ikimezwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo huleta usahaulifu. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, huzuni ya kufiwa na masikio mazito navyo hujifanya usahaulifu. Haya yana tiba, ndiyo maana tunayatafuta kwanza. Presha nayo ipimwe, maana ikiachwa huharibu mishipa midogo ya ubongo.

Anzieni kituo cha afya cha karibu; wakiona haja watawapa rufaa ya Bombo, hospitali ya mkoa. Aende naye anayelala naye nyumba moja, akiwa ameandika matukio na tarehe. Shangazi simgombezi, lakini mganga asubiri vipimo, na mitishamba isichanganywe na vidonge.

Msimhoji mama mbele ya wajukuu, "leo siku gani?" Anajua kuna kitu kinamponyoka, na anaona haya. Na yule mtoto aliyeitwa mwizi, mwambieni leo kwamba bibi anaumwa na yeye hana kosa.