Kuunganisha kweri mbili zitoe orodha moja (mauzo ya keshi + malipo ya simu)

Mkuu umesema una kweri mbili (kweri, yaani query, ni agizo la SQL la kuchota data kwenye databesi), moja inatoa mauzo ya keshi nyingine malipo ya simu, unataka zitoke orodha moja, na kuna mtu kakwambia tumia JOIN. Hapana aisee. JOIN inarefusha mstari kwa pembeni, mfano unachukua jina la mteja unalibandika kwenye mauzo yake. We unataka mistari ya huku ikae chini ya mistari ya kule, na hiyo ni kazi ya UNION ALL:

SELECT tarehe, kiasi, 'keshi' AS chanzo FROM mauzo_keshi
UNION ALL
SELECT tarehe, kiasi, 'simu' FROM malipo_simu
ORDER BY tarehe;

Hiyo ALL usiiache kabisa. Kuna duka la vifaa vya ujenzi waliniita ripoti yao ya siku inatoa hela pungufu kuliko iliyopo kwenye droo, wameshaanza kumnunia keshia wa watu, kumbe jamaa aliyewatengenezea mfumo aliandika UNION tupu na kachukua tarehe na kiasi basi. Sasa wateja wawili wakinunua mfuko mmoja mmoja wa saruji siku hiyohiyo kwa bei ileile, mistari inafanana kila kitu, UNION inaona ni kitu kimoja kimejirudia inafuta mmoja. Na wengi wanadhani inafuta pale tu kweri ya kwanza ikifanana na ya pili, si kweli, hata mistari miwili ya humohumo kwenye keshi inabaki mmoja. Tena kule kutafuta mapacha kunaipa databesi kazi ya ziada, data ikiwa nyingi utaisikia.

Kingine idadi ya kolamu lazima ilingane pande zote. Upande mmoja ukikosa kitu, mfano keshi haina namba ya muamala, weka NULL (yaani hakuna thamani) mahali pake. Majina haiangalii, inaangalia mpangilio tu, kwa hiyo ukigeuza kiasi na tarehe kwenye kweri ya pili, databesi ya PostgreSQL itagoma kwa sababu aina za data (tarehe na namba) hazipatani ila databesi ya MySQL inaweza ikakumezea kimyakimya afu unapata orodha ya ajabuajabu. Majina yatakayotokea juu ni ya kweri ya kwanza, ndo maana AS chanzo nimeiandika mara moja tu. ORDER BY nayo inakaa mwisho kabisa, inapanga orodha nzima.

Ukitaka jumla kwa kila chanzo, zungushia mabano:

SELECT chanzo, SUM(kiasi) FROM ( ...ile kweri ya juu bila ORDER BY... ) AS zote GROUP BY chanzo;

Hilo jina zote unaweza kubadilisha uweke lolote, ila kwenye MySQL lazima liwepo, ukilitoa inakutupia erari.