Kwenda Unguja na Hiace ya kulala: jibu

Mkuu, umeuliza kama Hiace uliyoitoa viti na kuweka godoro inaweza kuizungusha familia Unguja na Pemba mkitokea Moshi. Inawezekana, ila boti za kasi za Dar hazibebi magari. Gari linapanda meli kubwa inayokwenda taratibu, kwa hiyo ulizia nafasi mapema.

Kinachosumbua hasa ni kulala. Sisi wa Moshi tumezoea kaupepo ka mlimani. Usiku wa kwanza Jambiani, Unguja, tulifunga vioo kuogopa mbu, saa nane mwanangu wa mwisho akawa amelowa jasho hadi shuka limemganda mgongoni, analilia kurudi kwa bibi Kibosho. Kesho yake mama yao akashona chandarua kwenye madirisha kwa sindano ya mkono. Fanya hilo kabla hujaondoka.

Kisiwa cha Unguja chenyewe ni kifupi, kama kilomita 85 kusini hadi kaskazini, msikimbizane. Paje na Jambiani maji yakipwa bahari inakwenda mbali kabisa, watoto wanaokota kombe. Kuogelea muda wowote, nendeni Nungwi au Kendwa. Msitu wa Jozani mtaona kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar. Masika ahirisheni.

Pemba ina vilima na kona nyingi, kagua breki.