Rimu 17 au 19? Majibu kwa wenye magari ya spoti

Nina Toyota 86 GT ya 2013. Nimetoa rimu 17 za kiwandani nikafunga 19 zenye tairi 215/35. Sasa kila tuta linanigonga mgongoni. Fundi anasema shokapu zimekufa. Nibadilishe?

Usinunue shokapu kabla hujapiga hesabu ya ubavu wa tairi. Gari lako lilitoka kiwandani na 215/45R17. Hiyo 45 ni asilimia: ubavu una kimo cha asilimia 45 ya upana wa milimita 215, yaani karibu milimita 97. Kwenye 215/35R19 zinabaki milimita 75. Umepoteza milimita 22 za mpira na upepo, na hapo ndipo mshtuko unapoanza kumezwa kabla haujafika kwenye springi. Ukingo mkali wa shimo hupiga haraka mno kwa shokapu kuuwahi. Unaopinda na kuupokea ni ubavu, na ukiwa mfupi, pigo linakwenda moja kwa moja kwenye rimu, busha (mipira ya maungio ya chini ya gari) na kiti chako.

Kuna na uzito. Weka rimu ya 19 yenye tairi lake kwenye mizani, kisha weka ile ya 17. Ikiwa mpya imezidi kilo tatu au nne, tatizo limeongezeka, kwa sababu uzito huo haubebwi na springi. Gurudumu zito likirushwa na tuta huchelewa kurudi chini, na kwa muda huo mfupi tairi halishiki barabara vizuri. Ndiyo maana gari linaruka-ruka kwenye kona yenye viraka vya lami.

Shokapu zikague hata hivyo: tafuta mafuta yaliyovuja kwenye mwili wake, na sikiliza kama kuna mgongano wa chuma gari likipita polepole kwenye matuta. Zikiwa kavu na kimya, rudi kwenye 17. Ukitaka umbo kubwa kidogo, funga 215/40R18. Ubavu ni milimita 86, na kipenyo cha tairi zima ni milimita 629 dhidi ya 625 za awali, kwa hiyo kipima mwendo hakidanganyi. Mrithi wa gari lako, GR86, huuzwa na saizi hiyohiyo kwenye matoleo ya juu. Kwa barabara zenye mashimo mengi sisi tungebaki na 17.

Je, nikipunguza upepo gari halitakuwa laini?

Litalainika kidogo, kisha litakugharimu. Tairi lenye ubavu mfupi na upepo mdogo hubanwa kati ya ukingo wa shimo na mdomo wa rimu. Nyuzi za ndani zinakatika, na kesho yake unaona uvimbe kama yai ubavuni. Tairi hilo halizibwi, linatupwa. Jaza kama stika ya kwenye nguzo ya mlango wa dereva inavyosema, na pima asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi likishapata moto usilitoe upepo ukidhani umezidi.

Soma pia namba ya uwezo wa kubeba iliyo baada ya saizi. 87 ni kilo 545 kwa tairi moja, 85 ni kilo 515. Usishuke chini ya namba ya kiwandani. Tairi lenye alama ya XL (lililoimarishwa kubeba mzigo zaidi) huhitaji upepo zaidi kidogo ili kubeba uzito uleule, hivyo ukilijaza kwa mazoea ya zamani litakuwa limepungukiwa.

Impreza WRX STI yangu imepasuka tairi moja. Yaliyobaki yana nusu ya kashata (kina cha mifereji ya tairi). Ninunue moja tu?

Hapana. Tairi jipya lenye kina cha milimita 8 likifungwa pamoja na yenye milimita 4, mzingo unatofautiana kwa takriban milimita 25. Subaru wanataka tofauti isizidi robo inchi, karibu milimita 6. Ikizidi hapo, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi muda wote hata ukiwa kwenye barabara iliyonyooka, inapata moto na kuisha mapema. Chukua tepu ya fundi cherehani, zungushia katikati ya kila tairi na andika vipimo. Tafuta tairi lililotumika la aina ileile linaloingia ndani ya milimita 6, au badilisha yote manne.

Nimepata rimu 18x8.5 ofseti 35 za 86. Zitagusa fenda?

Rimu ya awali ni 17x7 ofseti 48: kipenyo inchi 17, upana inchi 7, na uso unaofungwa kwenye gari uko milimita 48 nje ya mstari wa katikati ya upana. Gawa upana kwa mbili: inchi 3.5 ni milimita 89, inchi 4.25 ni 108. Upande wa nje: 89 toa 48 ni 41, na 108 toa 35 ni 73. Rimu mpya inatokeza nje milimita 32 zaidi. Kwa ndani inaingia 6 tu kuelekea shokapu. Hizo 32 ni nyingi. Gari likiwa na abiria nyuma, tairi litakwangua ukingo wa fenda. Tafuta ofseti ya 45 au zaidi.

Balansi imefanyika mara mbili, lakini 86 yangu inatetemesha usukani kwenye kilomita 100 kwa saa. Rimu si za kiwandani.

Pima tundu la katikati. Habu ya 86, kitovu kinachoingia kwenye tundu hilo, ni milimita 56.1, na rimu nyingi za dukani zina 73.1. Bila pete ya kujaza nafasi hiyo, rimu inakaa pembeni kidogo hata nati zikiwa zimekazwa. Nati nazo ni za Subaru, kwa kuwa 86 iliundwa pamoja nao: M12x1.25, yaani kipenyo milimita 12 na nafasi kati ya meno milimita 1.25. Nati ya Toyota ya kawaida ni M12x1.5: inaingia mizunguko michache kisha inakwama, na ukiilazimisha kwa spana ya upepo unaharibu meno ya stadi (bolti za gurudumu). Anza kwa mkono, malizia kwa spana ya torki kwa Nm 120 ukifuata umbo la nyota, kisha kagua tena baada ya kilomita 100.