Muulize Fundi: Spika inalala ibada haijaisha

Shikamoo fundi. Mimi ndo naendesha vyombo kanisani kwetu Uyole, tunatumia laptopu yenye mfumo wa Linux Mint 21 kupigia biti za kwaya na matangazo yaliyorekodiwa, sauti inatoka kwenye tundu la hedifoni inaingia kwenye miksa. Sasa mchungaji akishahubiri weee, nikibonyeza tangazo spika zinapiga TAP! wazee wanashtuka, halafu neno la kwanza linamezwa, "Bwana asifiwe" inatoka "...sifiwe". Nimebadilisha waya, nimeazima na miksa, wapi. Jamaa mmoja kasema ni baridi ya huku. Ndaga fijo (asante sana).
Kijana wa vyombo, Uyole

Marahaba kijana wangu. Baridi ya Uyole mwezi wa sita naijua sana ila hapa inasingiziwa tu. Kadi yako ya sauti inalala. Ikikaa bila kazi inajikatia umeme ili kutunza chaji, ukiiita inaamka ghafla, huo mshtuko wa umeme ndo TAP unayoisikia, na wakati inaamka tangazo limeshaanza. Kwa mtu anayetumia laptopu kwenye betri ni sawa kabisa, lakini ya kanisani imechomekwa ukutani muda wote, sasa chaji unamtunzia nani?

Wanaoilaza ni wawili. Wa kwanza PulseAudio, programu inayosimamia sauti, ye kimya kikizidi sekunde 5 anaachia kadi. Ikishaachiwa, moduli (programu ndogo inayoendesha kadi ya sauti) inaitwa snd_hda_intel nayo inahesabu sekunde zake halafu inakata umeme. Anza na huyu wa pili, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike:

cat /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save

Ikikuletea namba zaidi ya 0, hizo ni sekunde inazosubiri. Jaribu hivi:

echo 0 | sudo tee /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save

Piga kitu, nyamaza dakika mbili tatu, piga tena. TAP ikiisha basi umempata, ila ukizima laptopu itarudi kama zamani, kwa hiyo tengeneza faili /etc/modprobe.d/sauti.conf uweke mstari mmoja tu: options snd_hda_intel power_save=0. Na kama uliwahi kuweka TLP, programu ya kubana chaji, angalia na huko maana inapenda kurudisha namba zake kimyakimya.

Neno likiendelea kumezwa nenda /etc/pulse/default.pa, tafuta load-module module-suspend-on-idle, mwishoni ongeza timeout=3600, toka kwenye akaunti yako uingie tena. Hapo itasubiri saa nzima, mahubiri marefu zaidi ya hapo mwambie mchungaji mwenyewe. Mkija kuhamia Mint 22 huko msimamizi wa sauti sio PulseAudio tena, ni PipeWire, unachotafuta ni session.suspend-timeout-seconds, unaiweka 0.

Ukija kutumia miksa ya USB hiyo power_save haikuhusu tena, inagusa kadi ya ndani tu. Na fanya haya Jumamosi kwenye mazoezi jamani, sio Jumapili watu wameshakaa.

Fundi, spika yangu ya Bluetooth saluni inajizima yenyewe nikisimamisha muziki kidogo, kompyuta mbovu?
Dada wa Mafinga

Hapana dada, ni spika, nyingi zimeundwa zijizime zikikaa kimya. Zingine zina app yake ambayo unaizima hiyo tabia, zingine hazina kabisa. Badala ya kusimamisha muziki punguza sauti, ila isiwe ndogo mno, kuna spika zinaihesabu kama kimya vilevile.