Binti Chotara, Ukisoma Riwaya Mtafute Mwajuma

Nilipokuwa darasa la tano, kila tulipoigiza mambo ya ukoloni kofia ya mkoloni ilikuwa yangu. Ilitengenezwa kwa boksi la sabuni, ikapakwa chokaa, ikafungwa chini ya kidevu kwa kamba ya katani. Wenzangu waligombania kuwa wapigania uhuru. Mimi sikuulizwa. Mwalimu alininyooshea kofia, nikaivaa, na siku ya Saba Saba nikasimama mbele ya wazazi nikiamuru watu walipe kodi ya kichwa. Mama alikuwa amekaa mbele kabisa kwenye jamvi. Hakupiga makofi.

Mama ni Mbondei wa Muheza. Baba alikuwa Mgiriki, msimamizi kwenye shamba la mkonge. Mashamba mengi makubwa ya mkonge yalipotaifishwa mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Wagiriki wengi wa Tanga walifunga virago, naye akaondoka nao. Nilikuwa na miaka miwili. Hakurudi, na wala hakuandika.

Nimefundisha fasihi sekondari kwa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo mabinti machotara hawakuacha kunijia baada ya kipindi na swali lilelile: "Mwalimu, kuna riwaya yenye mtu kama mimi?" Zamani niliwapa majina ya vitabu, wakaenda kusoma, wakarudi wameinama kuliko walivyokuja. Kosa lilikuwa langu. Nawaandikia leo ili niwajibu upya.

Kwanza habari ya majina, maana utaitwa mengi. Hapa kwetu utaitwa chotara, au shombeshombe. Kenya vijana watakuita pointi faivu. Kwenye vitabu vya zamani utakutana na suriama, neno lililotokana na suria. Linamsema mama yako kabla ya kukusema wewe. Vitabu vya Kiingereza navyo vina majina yake, mojawapo likihusishwa na nyumbu, mnyama wa punda na farasi. Chagua neno lako kabla hujafungua kitabu. Mimi nilichagua chotara kwa sababu ndilo mama alilolitumia bila kukunja uso, na tangu hapo mwandishi akinipa jingine najua ni lake, si langu.

Mhusika wa kwanza niliyemwona na kushtuka alikuwa Helga Crane, katika Quicksand ya Nella Larsen, riwaya iliyotoka Marekani mwaka 1928. Mwenzangu aliyetoka masomoni alinipa nakala iliyoanza kuchomoka kurasa. Helga ni mtoto wa mama wa Kidenmaki na baba mweusi, kama alivyokuwa Larsen mwenyewe, aliyezaliwa Chicago mwaka 1891. Anafundisha shule ya watu weusi huko Kusini, inamshinda, anaondoka. Anakwenda Chicago kwa mjomba wake mzungu, na mke wa mjomba anamkana. Anakwenda Harlem, mtaa wa watu weusi huko New York, anafurahi kwa muda, kisha roho inamkaba. Anavuka bahari hadi Copenhagen kwa dada wa mama yake, na huko wanamvisha nguo za rangi kali na hereni ndefu ili wageni wamtazame. Mchoraji mwenye jina anamchora; Helga akiiangalia picha ile anasema huyo si yeye. Anarudi Harlem, anaolewa na mchungaji, na riwaya inamwacha kijijini Alabama, mwili umechoka, mimba ya mtoto wa tano tumboni.

Nilikuwa na miaka 31 na mimba ya pili. Nilifunga kitabu nikalia hadi mume wangu akaja kuuliza kama kuna msiba. Niliona kama nimeoneshwa mwisho wangu.

Mdogo wangu, usisome mwisho wa riwaya kama utabiri. Mwanamke chotara anayeharibikiwa au kufa kwenye kurasa za mwisho ni desturi ya uandishi, na desturi ina chanzo chake. Huko Marekani ilianza kushika katika karne ya 19. Lydia Maria Child aliandika hadithi ya namna hiyo mwaka 1842, akitaka kupinga utumwa. Wasomaji wake walikuwa weupe. Ili wamlilie mtumwa, walipewa mtumwa anayefanana na binti zao, kisha akauawa mbele yao. Kifo kile kilikuwa na kazi, na kazi yenyewe haikuhusu maisha yako wewe. Larsen aliirithi desturi hiyo akaipindua kwa ndani, kwa sababu yeye alimpa Helga akili, hasira na macho ya kujitazamia mwenyewe. Mwaka uliofuata, 1929, aliandika Passing, ambamo Clare Kendry, mwanamke mwenye damu nyeusi anayejifanya mzungu, anaanguka dirishani. Hata Larsen hakuikwepa kabisa ile desturi.

Nilirudia kumsoma Helga miaka kumi baadaye, na safari hiyo niliacha kutazama rangi yake, nikahesabu milango aliyofunguliwa. Ni mingi. Lakini kila anayemfungulia ana sharti. Mwanamke anayempeleka Harlem anamwonya asitaje kwamba jamaa zake ni weupe, kwa hiyo Helga anakaa nyumba moja na rafiki yake Anne, anakula naye na kucheka naye, na mama yake mzazi hatajwi. Hapo ndipo nilipoelewa kilichomchosha. Siku hizi nikisoma habari za mwanamke wa damu mbili, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni huyo mtu: yupo anayempokea bila kumtaka afiche nusu yake?

Ndiyo maana nakuambia umtafute Mwajuma. Ukisoma Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, utamkuta Yasmin. Si chotara, ni binti wa Kihindi wa Unguja, ameozwa akiwa na miaka 15 kwa Bwana Raza, mzee wa kumzaa. Anapomkimbia mume, mjomba wake anamfukuza, jamaa zake wanamwona aibu. Anayempokea ni Mwajuma, Mswahili wa hali ya chini. Hamhoji ukoo wake. Anampa pa kulala, anakula naye, anamwingiza katika maisha ya watu wake. Wanafunzi wangu wengi wanapoandika insha juu ya riwaya ile humkimbilia Denge, mpigania uhuru, na siasa zake, na mtihani unapenda hivyo. Mimi huwaambia warudi kwa Mwajuma. Bila yeye Yasmin angekuwa Helga.

Mwajuma mwingine anaitwa Kenosi. Yumo katika A Question of Power ya Bessie Head, ya mwaka 1973. Bessie alizaliwa Pietermaritzburg, Afrika Kusini, mwaka 1937, ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili ambako mama yake mzungu alikuwa amewekwa. Baba alikuwa mtu mweusi, naye hakuwahi kumjua. Sheria ya mwaka 1927 ilikuwa imekwisha kuyafanya mapenzi kama yale kuwa jinai. Mwaka 1964 alihamia Bechuanaland, Botswana ya leo, na mwanawe mdogo, kwa kibali kisichomruhusu kurudi, akaishi Serowe, na uraia alikuja kuupata mwaka 1979. Miaka 15 ya kusubiri. Alifia hukohuko mwaka 1986.

Elizabeth, mwanamke wa riwaya hiyo, anaugua akili. Usiku sauti zinamwambia yeye si Mwafrika kamili, hajui hata lugha ya watu anaoishi nao. Sitakudanganya, ni kitabu kigumu. Niliwahi kukiweka chini wiki mbili. Lakini mchana Elizabeth anakwenda bustanini, na huko yupo Kenosi, mwanamke wa kijijini, maneno machache, jembe mkononi. Kenosi hamuulizi wewe kabila gani. Elizabeth anapozidiwa, Kenosi anamwambia asiiache bustani kwa sababu bila yeye hawezi kufanya kazi. Kati ya mimea yao kuna tunda dogo la njano linaloivia ndani ya ganda jepesi kama karatasi. Limetoka mbali, limeota kwa wenyeji kama lao, na wanakijiji wanaanza kumwita Elizabeth kwa jina la tunda hilo. Riwaya inaishia yeye akilala, mkono wake ameuweka juu ya ardhi.

Niliposoma hayo nilifikiria mkonge. Mkonge tunaouita wa Tanga uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf; katika miche aliyoagiza ng'ambo, iliyofika hai ni 62 tu. Leo nani Tanga anauliza kabila la mkonge? Bibi yangu aliupalilia, mama aliuanika, kamba ya ile kofia ya chokaa ilitokana nao.

Kuna jambo moja ambalo ningependa ulifanye hata kama mengine utayaacha. Msimulie mama yako riwaya.

Mimi nililifanya bila kukusudia. Desertion ya Abdulrazak Gurnah ilipotoka mwaka 2005 niliisoma kwa pupa kwa sababu ya Rehana, binti wa duka mwaka 1899 kwenye mji mdogo wa pwani ya Kenya, baba Mhindi, mama Mswahili. Mume wake wa kwanza, Azad, alisafiri akaapa kurudi, hakurudi. Kisha anatokea Mwingereza, Pearce, wanapendana, na yeye pia mwisho anaondoka. Nilimfungua Rehana nikitafuta uso wangu, nikaukuta wa mama yangu.

Mama hasomi Kiingereza. Kwa hiyo jioni, tukiwa tunachagua mchele kwenye ungo, nikawa namsimulia kidogokidogo. Tulifika pale ambapo msimulizi, kijana aliyekuja kuzaliwa miaka mingi baadaye, anakiri kwamba hajui mapenzi yale yalianzaje, anakisia. Mama akaacha mchele. Akaniuliza, "Na huyo mwanamke mwenyewe anasemaje?"

Nikamwambia kitabu hakimpi nafasi kubwa ya kusema mwenyewe, wengi wanamsema.

Akapepeta ungo mara mbili tatu. Halafu akasema, kama anayeendeleza mazungumzo yaliyoanza jana, kwamba yeye alikuwa akianika singa za mkonge nje ya korona, kiwanda cha kutoa nyuzi za mkonge, kilemba kimemfunguka, mikono imejaa, na yule Mgiriki akakiokota kilemba akakishika asijue akiweke wapi. Alisimama nacho mpaka amalize kuanika. Nilikuwa na miaka 40, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia kitu chochote kuhusu baba yangu kilichokuwa na mikono. Wiki ile nzima alinisimulia. Mengine yalikuwa mazuri, mengine yalimfanya anyamaze katikati, nami sikumharakisha.

Kwa hiyo usiwasubiri waandishi. Mama zetu wamesemwa sana, vitabuni na vibarazani, na wachache wameulizwa. Ukimuuliza moja kwa moja, "Mama, ulikutanaje na baba?", anaweza kukufukuza jikoni. Mpe Rehana kwanza. Mwache amhukumu Rehana, amtetee Rehana, kisha atafika mwenyewe anakotaka kufika.

Na wewe unayetaka kuandika: nimesoma daftari nyingi za wanafunzi, na nyingi zinaanzia kwenye kioo. Msichana anajitazama, anasema ngozi yake ni chai ya maziwa, nywele zake hivi, macho yake vile. Futa ukurasa huo. Hakuna anayeanza siku yake akijiambia ni chai ya maziwa. Huko ni kujitazama kwa macho ya yule mchoraji wa Copenhagen. Anzia jikoni, anzia kwenye foleni ya maji, anzia pale shangazi anapokuita kwa jina la utani ambalo watu wa nje hawalijui. Mpe kazi ya mikono. Na tafadhali usimrudishe baba kwenye sura ya mwisho akiwa na sanduku na machozi. Najua unavyotamani, na mimi niliandika hivyo mara mbili. Lakini baba akirudi kwenye karatasi anachukua nafasi yote, na wale waliokulea wanabaki kubeba mizigo yake.

Mwajuma wangu nilimpata bwenini, kidato cha kwanza. Nywele zangu zilikuwa zinateleza, msuko haukai, na mabinti walikuwa wakinizunguka Jumamosi kuzishika na kucheka kisha wakaenda kusukana wao. Binti mmoja wa Kidigo kutoka Duga akanivuta bega, akaniketisha sakafuni kati ya magoti yake, akasema, "Hizi zinataka uzi." Akachomoa uzi mweusi kwenye mfuko wa sare, akanifunga mabutu kumi na mawili, anavuta mpaka machozi yananitoka, huku akinipigisha soga za kwao kana kwamba tumezaliwa nyumba moja. Aliendelea kunisuka kila Jumamosi kwa miaka minne.

Bado tunatembeleana. Mwaka juzi alikuja kunijulia hali, nikamsomea kwa sauti habari za Yasmin kupokelewa na Mwajuma. Alisikiliza amefumba macho, miguu juu ya mkeka. Nilipopumzika kufungua ukurasa, akaniuliza kama Mwajuma alikuwa akimsuka Yasmin kwa uzi au kwa mkono.